Sawa na Saa Iliyopita

Nilifika Stesheni ya Mtoni mwaka wa themanini na tatu nikidhani nitakaa mvua moja tu. Nilikaa miaka kumi na miwili. Kabla ya hapo nilikuwa nimetembea sana: mashamba ya mkonge kule Taita, bandarini, gereji za Voi, machimbo ya mawe ya Njiru. Shule pia niliipata hivyo hivyo, darasa moja hapa, nusu darasa pale, mpaka nikaweza kusoma gazeti na kuandika jina langu, Mbithi, bila kushikwa mkono. Kwa mtu wa grisi hiyo ilitosha.

Stesheni ilikuwa Industrial Area, na ukuta wake wa nyuma watu wa Mukuru kwa Reuben walikuwa wameuegemezea mabati yao, kwa hivyo kila nyumba ya mstari ule ilijenga kuta tatu tu, ya nne ikawa yetu. Ndani mlikuwa na injini nne za dizeli za kutengeneza umeme, kila moja ndefu kuliko behewa la treni, zilizoletwa kabla ya uhuru. Zilikunywa mafuta mazito, yale meusi ambayo ni lazima yapashwe moto ndiyo yatiririke. Mchana zililala. Jioni, Nairobi nzima ikiwasha taa na pasi kwa wakati mmoja, tulipigiwa simu tuziamshe, na saa tatu tunazilaza tena.

Namba Tatu ilikuwa ya Patrobas Mulongo. Sisemi ilikuwa mali yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa watu wake tisa, na mimi nilikuwa wa tisa. Mtu wa Bungoma, mrefu, mzee wa kanisa la Friends, hana maneno mengi. Mwaka wa habari hii alikuwa amebakisha miaka mitatu astaafu. Sote tuliijua hesabu hiyo kwa sababu mkewe, Triza, hakuificha. Miaka mitatu, halafu wanatoka kwenye kile chumba chao cha Lucky Summer wanakwenda Chwele, kwenye nyumba ya matofali iliyokuwa imefika kwenye lenta. Nyumba ikifika lenta inabaki kuezekwa, na kuezeka ndiko kulikosubiri hiyo miaka mitatu. Ikikatika katikati, nyumba itabaki kuota nyasi ndani kama nyingi nilizoziona njiani katika kutembea kwangu.

Sasa nieleze neno moja, maana bila hilo neno hakuna habari.

Kila saa injini inapozunguka, msomaji wa zamu huzipitia geji zake, joto na presha, akajaza fomu. Fomu zetu zilikuwa na sheria mbili za zamani. Usiache nafasi wazi, na usiweke zile alama mbili ndogo za kuonyesha kwamba ni kama hapo juu. Hii ya pili ililetwa na kosa. Inasemekana karani mmoja wa ofisi kuu alizisoma zile alama kuwa kumi na moja, akaona presha ya mafuta imekuwa kumi na moja katika injini zote kwa wiki nzima, na stesheni ikazimwa siku mbili ikitafutwa ugonjwa ambao haukuwepo. Alama zikapigwa marufuku. Lakini mkono wa mtu huchoka kuandika namba ile ile. Wazee waliotutangulia wakaanza kuandika sawa. Yaani sawa na saa iliyopita. Sisi tulilikuta neno hilo kwenye fomu tukaendelea nalo, na hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuuliza.

Kidonda cha Namba Tatu kilikuwa kwenye beringi ya tano, moja ya zile zinazobeba shafti kubwa ndani ya tumbo la injini. Geji yake ilikuwa chini kabisa, kati ya milango miwili ya chuma ya hilo tumbo, na ili kuisoma ilibidi ulale kifudifudi na tochi. Namba ya mwisho iliyoandikwa ilikuwa sabini na moja, mwezi wa sita mwaka wa themanini na sita. Mstari mwekundu ulikuwa themanini. Kuanzia hapo ni sawa, sawa, sawa, daftari juu ya daftari. Ukisoma saa moja ukasoma tena saa mbili, sindano haijasogea. Jana na leo, haijasogea. Lakini mimi nilikuwa nikilala hapo kila jioni na kopo langu la grisi, na niliiona sindano ikivuka mstari mwekundu mwaka wa tisini, na kufikia mwaka ninaousema, tisini na tano, ilikuwa themanini na nane. Hakuna saa hata moja mtu alidanganya. Ni ukizijumlisha hizo saa ndipo unapata uongo.

Tuliitunza tu. Mulongo hakuipa mzigo zaidi ya nusu. Ofisi ikipiga simu aongeze, alijibu kwamba mafuta hayajapata moto vizuri, na kabla hayajapata moto saa tatu imefika.

Mwaka huo ndio serikali ilitakiwa na wakopeshaji wake ipange stesheni zote kuukuu za mafuta: ipi ivunjwe, ipi iongezewe nguvu, wapi pajengwe mpya. Kwetu walikuja wataalamu wawili wa ng'ambo wakakaa asubuhi moja. Aliyebaki ni mwenzao wa hapa nchini, Injinia Sally Kinyanjui, mwanamke wa miaka thelathini hivi, anakaa mtaa wa Fedha. Alipewa chumba cha stoo, meza, na madaftari ya miaka tisa, naye akaja na kompyuta aliyoibeba kifuani kama mtoto mwenye homa. Wiki tatu alikuwa humo anahamisha namba zetu. Alikuja asubuhi na kuondoka saa kumi, kwa hivyo injini alizozishika zilikuwa zimelala, baridi. Hakuwa mtu wa kujikweza. Alikunywa chai yetu, aliuliza majina ya watu, na alimwita Mulongo mzee.

Mara moja alitoka stoo akamuuliza Opicho, msomaji wetu wa pili, kama huwa wanazisoma geji zote kila saa. Opicho akamwambia zote, madam, hata zile za kulalia tumbo. Ilikuwa kweli. Akarudi ndani ameridhika.

Mwezi wa nane alituita kantini atusomee mpango kabla haujapelekwa juu, jambo ambalo wakubwa wake hawakumtuma afanye. Alisema Namba Moja, Mbili na Nne zitang'olewa na kuuzwa vyuma chakavu. Stesheni mpya itajengwa pwani, mafuta yanakoteremshiwa. Lakini Namba Tatu itabaki. Itafungiwa tabo mpya, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, nguvu yake iongezwe kwa thuluthi moja, na iendelee miaka kumi na miwili. Watu wake tisa watabaki nayo. Wengine watapewa barua.

Mtu wa Namba Nne, ambayo tulijua ndiyo nzima kuliko zote, akauliza kwa nini Tatu.

“Kwa sababu ya rekodi,” Sally akasema. “Namba Nne inapanda na kushuka, na kila ikipanda mmeandika. Hii Tatu, miaka tisa, sijaona saa moja yenye shida. Kila mahali ni sawa.”

Mtu mmoja nyuma akakohoa kikohozi kisichokuwa cha kifua. Mulongo alikuwa anaangalia kikombe chake.

Nje, kwenye mfereji wa kutekea maji, watu walicheka mpaka wakashika magoti. Opicho alikuwa na mdomo wa Eastlands, hawezi kuacha kitu kipite.

“Mzae Mbithi,” akaniambia, “umeona mambo? Wazima wanazikwa, na mgonjwa anaozwa.”

Mtu wa Namba Nne hakucheka. Aliuliza kama hakuna mtu atakayemwambia yule mama maana ya sawa. Opicho akamjibu kwamba aende amwambie yeye, kisha aje awaelezee watoto wa watu tisa kwa nini unga umemwagika. Yule mtu hakwenda. Kwa upande wake ingekuwa kazi bure. Namba Nne ilikuwa imeshahesabiwa kati ya za kuvunjwa kwa namba zake yenyewe, na stesheni ikifungwa yote au nusu, yeye ni wa kwenda. Mimi pia sikwenda. Sikuwa na nyumba ya lenta wala ya matope, na kuondoka kwangu mahali ni kukunja blanketi, lakini sikuona kwamba ni mimi wa kumwaga unga wa wenzangu wanane. Nasema vile ilivyokuwa.

Jumapili Triza aliniita kwao kula. Alipika ugali wa wimbi na kuku, na wakati wa kuomba alimshukuru Mungu kwa injini ya Namba Tatu, akaitaja kwa namba yake. Alisema sasa paa ni uhakika. Alikuwa tayari ameulizia mabati ya rangi ya kijani. Mulongo aliitikia amina, akala firigisi aliyowekewa, na baada ya chakula akanitoa nje, tukakaa kwenye mawe karibu na bomba la ploti, lile la wapangaji wote.

Akaniomba nimsimulie tena habari ya Ambaro, mwenzangu wa zamani.

Nilikuwa nimeisimulia mara nyingi. Kule kwenye mkonge kulikuwa na injini ya kuendesha mashine za kuchambua. Beringi yake ilipata moto, mafuta ndani ya tumbo yakageuka mvuke mzito, mvuke ukashika cheche, na mlango wa pembeni, chuma cha kilo arobaini, ukaruka. Ambaro alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai. Hatukupata cha kumpelekea mamake zaidi ya viatu na kofia.

Mulongo akauliza ile beringi ilikuwa na joto gani. Nikamwambia hatukuwa na geji, tulikuwa na pua tu. Akauliza kama mzigo ulikuwa nusu au wote. Nikamwambia wote, ilikuwa msimu. Kisha Triza akaita chai.

Jambo ambalo hatukulijua siku ile ni kwamba wakopeshaji hawakutosheka na karatasi. Walitaka Namba Tatu ikimbizwe saa sita mfululizo kwa mzigo wake wote, mchana, injinia akiwapo na kutia sahihi kila saa. Barua ilikuja siku ya Jumatano, jaribio liwe Jumanne inayofuata. Mulongo alijaribu yale yake. Alisema mafuta ya wiki hiyo ni mabaya. Sally akaagiza mengine. Alisema maji ya kupoza ni machafu. Sally akayapima, yakaonekana yanafaa. Hapo akawa hana jingine la kusema ila lile lenyewe, na hakulisema.

Jumanne Mulongo alikuja na ovaroli safi. Tukaiwasha saa tatu asubuhi. Saa ya kwanza tulikwenda na nusu ya mzigo, na hiyo Namba Tatu iliijua. Saa nne tukapanda hadi robo tatu. Sauti yake ikawa nzito, na sakafu ikaanza kutetemesha vikombe. Sally alikuwa amesimama kwenye kijia cha chuma kando ya tumbo la injini, ubao wake mkononi, mgongo karibu na mlango wa tano, ule wa beringi yetu. Palikuwa mahali pazuri pa kuona geji zote za juu. Ndiyo maana alipachagua.

Mulongo alimwendea akamwambia asimame kule kwenye ngazi, kuna hewa. Sally alimshukuru, akabaki. Baada ya muda Mulongo akamwendea tena, akasema hapo mafuta huruka, yatamharibia viatu. Sally akaangalia viatu vyake, buti za ngozi za kazi, akacheka. Opicho naye akacheka kutoka kwenye meza ya swichi, akamtania Mulongo kwamba leo amekuwa mkuu wa itifaki.

Saa tano kasorobo nikalala chini na tochi. Sindano ilikuwa tisini na tatu. Sikuwa nimewahi kuiona hapo. Nikainuka, na kwa sababu ya kelele nikamwonyesha Mulongo kwa vidole, tisa, halafu vitatu. Alikuwa na fomu mkononi. Kalamu yake ilikuwa juu ya nafasi ya beringi ya tano, na nafasi ilikuwa ndogo, haitoshi zaidi ya neno moja fupi. Nikamkaribia sikioni nikamwambia pale aliposimama yule mama ndipo alipokuwa Ambaro. Nilisema hilo tu. Sikumwambia afanye nini, na sijui kama nilitaka afanye lolote.

Hakuandika. Aliweka kalamu mfukoni akamwendea mara ya tatu. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, na walikuwa wanapaaza sauti kwa ajili ya injini, kwa hivyo nilisikia yote.

“Madam, nimekuomba mara mbili. Toka hapo.”

“Mzee Mulongo, kwani hapa kuna nini? Nyinyi wenyewe mmeandika miaka tisa kwamba iko sawa.”

“Sawa na nini?”

Sally hakuelewa swali. “Sawa,” akasema. “Nzuri. Haina neno.”

“Hatukuandika nzuri. Tumeandika ni sawa na saa iliyopita. Na hiyo saa iliyopita ni sawa na nyingine, na hiyo nyingine vilevile. Ukitaka namba, lala chini uisome mwenyewe.”

Sally akampa ubao wake, akachukua tochi yangu, akalala kifudifudi kwenye bati la sakafu lililojaa mafuta, na shati lake la krimu. Alipoinuka alikuwa na doa jeusi kidevuni. Alitembea hadi kwenye ngazi, akasimama pale alipoambiwa tangu mwanzo.

Mulongo akamwashiria Opicho azime.

Opicho alikuwa ameona yote na alikuwa ameelewa. Alitoka kwenye meza akaja mpaka usoni kwa Mulongo. Walikuwa watu wa nyumbani kumoja. Mamake Opicho ni wa ukoo wa kina Mulongo, kwa hivyo alimwita khocha, yaani mjomba, hata akimtania.

“Khocha, ukizima hiyo umezima watu tisa.”

“Zima.”

“Huyu amesogea. Ako kwa ngazi. Twende polepole tumalize, tuandike.”

“Opicho. Zima.”

Opicho akatia mikono mifukoni mwa ovaroli. Mulongo akampita, akapunguza mzigo mwenyewe, robo baada ya robo bila haraka, kisha akavuta wenzo. Namba Tatu ikapiga, ikapiga polepole, ikanyamaza. Kimya kilipoingia tulisikia watoto wa Mukuru nyuma ya ukuta wakiimba hesabu.

Sally alitaka tumbo lifunguliwe papo hapo. Mulongo akamwambia hapana, hewa ikiingia joto likiwa bado ndani ndiyo huleta maafa. Tungoje mpaka alasiri. Tukangoja. Sally alikaa kwenye ngazi, Mulongo akakaa ngazi ya chini yake. Mtu akawaletea chai.

Sally akamuuliza kama angenyamaza, lau yeye angekuwa amesimama mahali pengine.

“Kwa karatasi, ndiyo,” Mulongo akasema. “Karatasi nilikuwa nimeiweza. Mtu amesimama pale, nimeshindwa.”

Saa tisa tulifungua mlango wa tano. Ile risasi nyeupe inayovikwa ndani ya beringi ilikuwa imeyeyuka na kumwagika chini kama nta, na shafti ilikuwa ya bluu, rangi ya jembe lililosahauliwa motoni. Sally aliigusa kwa ukucha. Alipiga picha sita. Kisha akarudi stoo, na kwa siku nne taa ya kompyuta haikuzimwa isipokuwa alipokwenda nyumbani.

Mpango mpya haukuwa mrefu. Injini zote nne zivunjwe, Namba Tatu ikiwa ya kwanza, isiwashwe tena hata jioni moja. Kuiongezea nguvu kukafutwa. Stesheni ya pwani ibaki kama ilivyopangwa, na mpaka ijengwe, Nairobi ivumilie.

Ofisi kuu ilimwita Mulongo ajibu kosa la kughushi rekodi. Sally alikwenda naye bila kuitwa. Mulongo alinisimulia baadaye kwamba wakubwa wanne walikaa asubuhi nzima wakibishana kwa Kiingereza juu ya neno moja la Kiswahili. Mmoja alishikilia kwamba sawa ni nzuri, mtoto yeyote anajua. Mwingine, Bwana Mursal, mtu wa Lamu, akamwambia amwulize huyo mtoto sawa na nani, atajua ni neno la kupimia. Wakaagiza madaftari ya zamani kutoka stoo. Kwenye moja la mwaka wa hamsini na tisa wakakuta mtu ameandika kwa ukamilifu “sawa na juu”, na mwandiko ule ule ukurasa wa pili umechoka, umeandika “sawa” tu. Basi wakaliacha. Walisema hakughushi. Walisema pia kwamba alijua, na kujua hakuna adhabu kwenye kitabu cha sheria za kazi.

Hakufukuzwa. Alipewa barua ile ile tuliyopewa sote, ya kupunguzwa. Sally aliomba ahamishiwe stesheni nyingine amalize miaka yake, akaandika mara mbili, akaambiwa hakuna nafasi. Alikuja kumwambia mwenyewe, pale getini. Mulongo alimshukuru kwa kupoteza wakati wake. Sidhani alimkejeli, ndivyo alivyozungumza.

Watu wa Namba Tatu waliacha kumsalimia. Wa Namba Nne walimsalimia, lakini kwa namna ambayo ni afadhali wasingefanya hivyo. Opicho alikuwa mkali kuliko wote. Akikutana naye kwenye mfereji alimwaga maji aliyokuwa ameteka akaondoka na kopo tupu. Nilimwambia Opicho kwamba na yeye angekuwa kwenye ile meza ya swichi siku mlango ungeruka. Akasema huenda usingeruka. Hilo ni kweli.

Jioni taa zikaanza kukatika, leo mtaa wa Umoja, kesho Baba Dogo. Ikifika zamu ya Lucky Summer majirani wa ploti walitoka nje na kuilaani kampuni na wezi wake. Triza alikaa mlangoni nao akichambua mboga kwa mwanga uliobaki, bila kusema kwamba sehemu ya hilo giza ilitoka nyumbani kwake. Mabati ya kijani hakuyataja tena. Nilipomuuliza kama amekasirika aliniambia amekasirika, ndiyo, na kwamba akikumbuka yule binti wa watu anafunga mdomo, halafu akiikumbuka nyumba anafungua tena. Akaongeza kwamba Mulongo hakumwambia lolote juu ya beringi kwa miaka yote hiyo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa aliiombea injini mbele ya Mungu kwa ujinga.

Waliondoka Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja. Kulikuwa na lori lililoleta mahindi, linarudi tupu Bungoma, na dereva alikubali kuwachukua na vitu vyao. Nilikwenda kusaidia kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijaamua niende upande gani. Vitu havikuwa vingi. Kitanda, masufuria, viti vinne, cherehani ya Triza, na kabati la mbao ya mvule ambalo Mulongo alikuwa amelitengenezesha soko la Burma akiwa bado kijana. Kabati ndilo lililotushinda. Lilikuwa limeingia chumbani kabla mwenye ploti hajajenga jiko la mbele, na sasa kona ilikuwa imekuwa finyu. Mimi na Mulongo tulilivuta, tukaligeuza, tukalisimamisha, likakwama mlangoni. Dereva akapiga honi.

Opicho akatokea kwenye kichochoro. Sikujua nani amemwambia siku. Hakuwa na ovaroli; alikuwa amevaa koti la kanisani, na viatu vilivyopigwa rangi. Alisimama akatuangalia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mulongo alimwona, akaendelea kushika upande wake wa kabati. Hakumwita.

Opicho akavua koti, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akanisukuma kando kwa bega. Akainama akashika miguu ya kabati.

“Inua upande wako kwanza, khocha,” akasema. “Huu mlango ni mwembamba.”

Mulongo akainua.